Faili Namba Kumi na Saba

Palikuwa na nchi, na nchi hiyo ilikuwa na jina, ila mambo haya yalipotokea jina lilikuwa limepelekwa kwa mpiga chapa kutengenezewa nembo mpya na lilikuwa halijarudi. Watu waliendelea kuishi bila jina. Walilima, walioana, waliugua, maana hayo hayangoji nembo.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo palikuwa na jengo refu la matofali ya kuchoma, limegawanywa katikati kwa ukuta. Kulia ilikuwa zahanati, iliyo chini ya Wizara ya Afya. Kushoto ilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii, iliyo chini ya Wizara ya Ustawi. Wizara hizo mbili zilikuwa hazisemezani. Inasemekana wakubwa wake waligombania kabati, miaka mingi nyuma. Wagombanaji walishakufa, kabati lilishaliwa na mchwa, lakini ugomvi wenyewe ulitunzwa vizuri sana.

Kwenye ukuta ule palikuwa na tundu. Hapo zamani lilipita bomba la maji. Bomba likang'olewa kabla maji hayajafika, tundu likabaki, upana wake kama bakuli la uji. Upande wa zahanati alikaa Nesi Veridiana. Upande wa ustawi alikaa Dafroza, mhudumu wa majumbani, mwanamke wa makamo mwenye mabega kama ya mtwanga mahindi. Nesi akitoka kuwaona wagonjwa wake aliinama kwenye tundu akasema, "Dafroza mwenzangu, kidonda cha Mzee Lugusha leo kinatoa maji. Usimlaze chali." Na Dafroza, mdomo umejaa kiazi, alijibu, "Nimekusikia. Na wewe kampime presha mkewe, jana nimemkuta ameshika ukuta."

Hivyo ndivyo afya na ustawi vilivyokuwa vimeunganishwa wilayani, kwa tundu, ingawa serikali ilikuwa haijaarifiwa.

*

Mzee Lugusha huyo alikuwa mpakiaji wa marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mrefu, mzito, ambaye ujanani alibeba robota peke yake huku akipiga mluzi. Kiharusi kilimkuta akifunga kamba ya kiatu. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "Tega."

Majirani walishangaa kwa nini libaki hilo. Mkewe, Bi Nyamizi, hakushangaa. Kwa miaka arobaini na mitatu wawili hao walikuwa wakitegeana vitendawili kila wakimaliza kula. Yeye anasema "Kitendawili," mumewe anaitika "Tega," yeye anatega, na mumewe, ambaye kichwa chake hakikuwa cha mambo hayo, anashindwa. Basi anaombwa mji. Ndiyo desturi: aliyeshindwa hutoa mji, aliyetega huutembelea kwa maneno, akasimulia alivyopokewa na alichopikiwa, kisha ndipo akatoa jibu. Mzee Lugusha alishatoa miji yote aliyoijua, akaingia kwenye vituo vya treni, akamalizia na mito. Kwa hesabu hiyo zaidi ya nusu ya nchi ilikuwa mali ya Bi Nyamizi, na hilo nalo serikali ilikuwa haijaarifiwa.

Sasa akitaka maji alisema "Tega." Akisikia maumivu alisema "Tega." Na akimwona Dafroza anaingia mlangoni alisema "Tega" kwa sauti nyingine kabisa, kwa sababu Dafroza alikuwa mtani wake. Dafroza ni wa mlimani, mzee wa bondeni, na watu wa pande hizo hutaniana tangu enzi za mababu, hata kwenye msiba.

"Mtani, leo nakugeuza kama chapati," alikuwa akimwambia huku anampitishia mikono chini ya mabega. "Ukiungua usinilaumu, watu wa bondeni mmezoea kula mbichi."

"Tega," alisema mzee.

"Haya. Ana meno mengi, chakula chake nywele."

Mzee Lugusha alitazama dari, akawaza, akashindwa. Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Bi Nyamizi, "Chanuo."

"Mama, nani kakuuliza?" alisema Dafroza. "Mwache mwenye kichwa chake ashindwe mwenyewe."

Kidonda chenyewe kilikuwa mgongoni, chini kidogo ya kiuno, ukubwa wa kifungo cha koti. Nesi Veridiana alikuwa amemweleza Bi Nyamizi bila kuzunguka: mzee akigeuzwa kila baada ya saa mbili na kidonda kikisafishwa, kitafunga kabla ya mavuno. Akiachwa chali, kitachimba hadi kwenye mfupa, na kikifika kwenye mfupa hakuna wa kukirudisha. Bi Nyamizi peke yake hakuweza kumgeuza, maana bega lake la kushoto lilivunjika akiwa msichana na likaunga vibaya. Ndiyo maana Dafroza alipanga zamu. Asubuhi, mchana na jioni alikuja mwenyewe, na zamu nyingine zote zilikuwa za Sospeter, fundi baiskeli wa nyumba ya pili, ambaye alikuja amenawa grisi hadi kwenye viwiko. Kifungo cha koti kilikuwa kimeanza kuwa kifungo cha shati.

*

Mwaka huo Waziri wa Afya na Waziri wa Ustawi walisafiri nje kwa ndege moja, kwa bahati mbaya ya mkata tiketi, wakawekwa viti vilivyopakana. Kwa saa kumi na moja ikawabidi wagawane sehemu moja ya kuegemeza mkono. Waliposhuka, wote wawili walikuwa na wazo.

Wizara zikaunganishwa zikawa Wizara ya Mwili, Maisha na Yanayohusiana. Mmoja akawa Waziri, mwenzake akawa Waziri Mwenza wa Waziri. Mabango yakatundikwa: Mtu Mmoja, Mlango Mmoja, Faili Moja. Na ili mwananchi aone muungano kwa macho, ikaamriwa kwamba katika kila wilaya ukuta ulio kati ya afya na ustawi ubomolewe hadharani.

Siku ya kubomoa ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba ubeti wa kwanza mara tatu. Mgeni rasmi alipiga ukuta kwa nyundo iliyopakwa rangi ya dhahabu, akaugusa kidogo, mafundi wakamalizia. Nesi Veridiana peke yake ndiye aliyenyoosha kidole akauliza tundu litakuwa wapi. Akajibiwa kwamba pasipo ukuta hapahitajiki tundu. Jibu hilo lilipigiwa makofi, naye Nesi akapiga, maana lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Wiki iliyofuata ikaonekana kwamba bila ukuta pande mbili zinasikilizana, jambo ambalo ni kinyume cha siri za mgonjwa. Kwa hiyo mahali pa ukuta ikawekwa Idara ya Viungo vya Kati, yenye meza tano na kizuizi cha mbao kila upande. Mbao zilikuwa nzima, hazina tundu. Upande wa kulia ukitaka kuuambia upande wa kushoto jambo, uliandika barua kwa Idara. Idara iliipeleka makao makuu. Makao makuu yaliiunganisha na barua zinazofanana nayo, na jibu la pamoja lilirudi kwa wote.

Kisha wakatafutwa wataalamu wa kufundisha wilaya nyingine namna ya kushirikiana. Wakapatikana wawili tu nchini wenye uzoefu, Nesi Veridiana na Dafroza. Wakachukuliwa Jumatatu, wakapelekwa mji wa mkoa kwenye semina ya miezi mitatu. Dafroza alipita kwa Bi Nyamizi mbio kuaga, mfuko begani. Alimgeuza mzee ubavu wa kulia, akamwekea mto kati ya magoti.

"Nakwenda kuwafundisha watu kusemezana," alimwambia mtani wake. "Nikirudi nikukute ubavu huu huu, usije ukanitoroka."

"Tega," alisema Mzee Lugusha.

Dafroza alisema hana muda, gari linapiga honi, atamtegea akirudi.

*

Siku ya pili alikuja mtu mwenye gundi akabandika karatasi mlangoni. Iliandikwa: NYUMBA HII IKO CHINI YA HUDUMA UNGANISHI. MIKONO ISIYOSAJILIWA HAIRUHUSIWI KUMGUSA MHUDUMIWA. Sospeter aliisoma mara mbili, akaenda kusajili mikono yake. Ni mtu anayependa sheria. Mkono wa kulia ulisajiliwa baada ya siku tano, ukapewa kadi yenye picha. Wa kushoto aliambiwa unasubiri uhakiki.

Alikuja akasimama kando ya kitanda, kadi inaning'inia kifuani, mkono wa kushoto ameuficha nyuma ya mgongo. Alijaribu kwa mmoja. Mzee alisogea kama robota lililokwama kwenye mlango wa ghala, akarudi palepale. Mtaa wa tatu fundi mwashi alikuwa amekamatwa kwa kumgeuza mama yake mzazi bila muunganiko, na bado alikuwa anahojiwa. Sospeter alitazama dirishani, akatazama mkono wake.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa alishasalimia alipoingia, akaenda zake.

Bi Nyamizi alichukua shuka, akalipitisha chini ya mumewe, akafunga pindo moja kwenye dirisha na jingine akalivuta kwa bega zima. Kwa namna hiyo aliweza kumgeuza mara mbili kwa siku. Kifungo cha shati kikarudi kuwa cha koti. Kisha kikawa kama mfuniko wa chupa.

Akavaa khanga ya kutokea, akaenda wilayani. Ni maili tatu, anazijua.

Mlango Mmoja ulikuwa mmoja kweli. Milango mingine yote ya jengo ilikuwa imezibwa kwa matofali ya ule ukuta uliobomolewa, na foleni ya wajawazito, vilema, wenye malaria, wajane, wanaotaka cheti cha kuzaliwa na wanaotaka cheti cha kufa ilikuwa moja, imezunguka jengo hadi mkia wake ukakutana na kichwa, na watu wawili wakawa wanabishana nani wa kwanza na nani wa mwisho. Bi Nyamizi alifika mezani siku ya pili.

Mezani alikaa Bwana Zakayo Mpangala, Mratibu wa Muunganiko, kijana wa sauti laini ambaye hakumkaripia mtu tangu azaliwe. Alimpisha kiti chake. Akafungua faili namba kumi na saba.

"Hapa ninyi ni kaya moja, mama yangu," alisema. "Kaya moja, faili moja. Kwa hiyo wewe na mzee kwa sasa ni mtu mmoja."

"Hata padri alisema hivyo, mwanangu. Lakini kila mtu alibaki na mgongo wake."

Bwana Zakayo alicheka kwa heshima, akaandika kwamba mhudumiwa ana furaha. Kisha akampima. Vipimo vya mzee vilikuwamo tangu zamani, na utaratibu mpya ulikuwa kujumlisha na kugawa kwa mbili. Presha ya mzee ilikuwa juu sana, ya Bi Nyamizi chini sana. Faili likapata presha ya mwanariadha. Mzee alisema neno moja, Bi Nyamizi alisema mengi. Faili likaandikwa kwamba linazungumza kwa kiasi. Kidonda cha mzee kilipogawanywa na mgongo mzima wa mkewe kilikuwa nusu ya kidonda.

"Na kutembea?" aliuliza Bwana Zakayo.

"Hatembei. Hata kukaa hakai."

"Na wewe hapa umefikaje?"

"Kwa miguu. Maili tatu."

Mzee sifuri, yeye tatu. Bwana Zakayo aligawa, akasikitika. Faili lilikuwa linatembea maili moja na nusu. Huduma ya nyumbani hutolewa kwa faili lisiloweza kutembea zaidi ya maili moja. Hakulaumu mtu. Alimsogelea akamwambia taratibu, kama anayemwibia siri ya ofisi kwa wema, kwamba asipokuwa anatembea, faili litashuka hadi sifuri, na watu watakuja nyumbani siku hiyohiyo.

"Basi andika kwamba sitembei."

"Siwezi, mama yangu. Lazima mhudumiwa afike mwenyewe kutamka."

Bi Nyamizi alimtazama. Alikuwa amejifunza kuhesabu darasa la nne na hakuwa mjinga. Alifunga pindo la khanga, akatoka, akatembea maili zake tatu kurudi.

Jioni ile alikaa kando ya kitanda na bakuli la uji. Akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Tulipokuwa wawili tulipita. Wametufanya mmoja, tumekwama mlangoni."

Mzee Lugusha alitazama dari muda mrefu. Uji ulipoa. Bi Nyamizi hakumwomba mji, kwa kuwa alishachukua yote, akampa jibu bure. "Sisi," alisema, akamfuta mdomo.

*

Kidonda kilipofika ukubwa wa kisahani ikaja taarifa kwamba Mheshimiwa Waziri wa Mwili, Maisha na Yanayohusiana anazuru wilaya, na kwamba faili namba kumi na saba, kwa wastani wake mzuri kuliko wote, limechaguliwa kuwa Faili la Mfano.

Walikuja watu arobaini na mmoja. Wengi walibaki nje wakakanyaga mchicha. Ndani aliingia Waziri, mpiga picha, mshika kipaza sauti, Bwana Zakayo akitokwa jasho kwenye tai, na wanawake wawili wenye sare mpya walioshika bango lililosema PAMOJA. Mmoja alikuwa Nesi Veridiana. Mwingine Dafroza. Walikuwa wametolewa semina kwa nusu siku.

Dafroza alimwona mzee amelala chali. Harufu ya chumba aliijua. Alitazama mto ambao alikuwa ameuweka kati ya magoti, ulikuwa sakafuni. Alisogea hatua moja, bango likapinda katikati, na mtu wa itifaki akamwashiria anyooshe. Kugeuza hakukuwamo kwenye ratiba. Nesi Veridiana alinong'ona kwamba kidonda kifunguliwe angalau waone, akajibiwa kwa upole kwamba hilo ni suala la upande wa kulia, naye amesimama kushoto. Akaandikiwa namba ya barua.

Waziri alihutubia kitanda kwa robo saa. Alisema zamani mgonjwa alikuwa kama mtu aliyekatwa vipande, mwili huku, maisha kule, ila leo taifa limemshona. Kisha akainama karibu na mto. "Sasa mzee wetu, tuambie wewe mwenyewe. Umeridhika?"

"Tega," alisema Mzee Lugusha.

Waziri alifurahi mno. Alisema huu ndio utamaduni wetu, na kwamba yeye pia bibi yake alimlea kwa vitendawili. Akafikiri, akatega. "Nina wizara mbili, nimebaki na moja, na bado zimetosha."

Mzee alifumba macho. Watu arobaini na mmoja wakangoja. Waziri akatangaza kwamba mzee ameshindwa na ni lazima atoe mji, na kwa kuwa mzee hakusema neno, mtu wa itifaki akaandika kwamba mhudumiwa amemkabidhi Mheshimiwa Waziri mji huu wa wilaya pamoja na vitongoji vyake. Watu wakapiga makofi. Dafroza na Nesi hawakupiga, mikono yao ilikuwa kwenye bango.

Walipokuwa wanatoka Dafroza alichelewa kidogo mlangoni, pembe ya bango imenasa kwenye bawaba. Hakuwa na haraka ya kuinasua.

"Mama, nani anamgeuza?" alisema chini chini.

"Mimi na shuka."

Dafroza alifungua mdomo, wakamvuta kwa bango.

Nje magari yaliondoka moja moja. Bi Nyamizi alirudi kitandani, akaketi. "Kitendawili," alisema, na alipoitikiwa akasema, "Wamekuja wengi, hakuna aliyefika." Hakungoja. Alipitisha shuka dirishani, akavuta.

*

Mzee Lugusha alikufa siku kumi na mbili baadaye, asubuhi, uji uko motoni. Bi Nyamizi alikuwa jikoni. Aliposema "Kitendawili" kutoka huko, kama alivyozoea ili ajue yuko macho, hakuitikiwa. Akasema tena. Kisha akaondoa sufuria motoni, kwa sababu uji ulikuwa unaanza kushika chini.

Walimzika kesho yake. Sospeter alibeba jeneza kwa mkono uliosajiliwa. Watani wa mlimani walipaswa kuwapo, wamzuie maiti mlangoni, wamwige, wamdai, wawachekeshe wafiwa kama ilivyo ada, lakini waliokuwa karibu walikuwa wazee na mtani wake hasa alikuwa semina. Kwa hiyo ulikuwa msiba wa kimya. Watu walikula wali wakaondoka.

Arobaini haijafika, Bi Nyamizi alikwenda wilayani kutoa taarifa. Bwana Zakayo alisimama, akampa pole kwa mikono miwili, na alionekana ametokwa na machozi kidogo kweli. Kisha akakaa kwenye utaratibu. Faili haliwezi kufungwa wakati sehemu yake inatembea. Aliweka sifuri kwa mzee katika kila kisanduku: presha sifuri, pumzi sifuri, na joto kama la ukuta. Akajumlisha, akagawa kwa mbili. Akatazama jibu, akarudia, akaenda kumwita mkubwa wake, wakarudia wote wawili.

"Mama yangu, hali ya faili ni mbaya sana," alisema. "Nusu hai. Kwa lugha ya ofisi tunaita mahututi."

Faili mahututi hupata daraja la kwanza. Huduma ya nyumbani ya kudumu, mhudumu mmoja kwa faili, mhudumiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili bila kukosa. Bwana Zakayo alipiga mhuri mwenyewe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeweza hatimaye kumsaidia mtu.

"Lini?" aliuliza Bi Nyamizi.

"Kesho asubuhi, mama yangu. Na usitembee tena, tutakuja sisi."

Bi Nyamizi alisema asante. Alitembea kurudi.

*

Asubuhi ilipofika alikuja Dafroza, na sare yake na ubao wa kuandikia. Semina ilikuwa imekwisha, cheti chake kilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa hajaambiwa na mtu. Namba ya faili ilikuwa ileile, amri ilisema kugeuza, naye alikuwa ametembea haraka njia nzima. Aliingia akianza kusema, "Mtani, niliku..." akaona kitanda kimetandikwa.

Alisimama. Bi Nyamizi alitoka jikoni, akafuta mikono kwenye khanga, akamweleza siku, saa, na mahali kaburi lilipo. Alieleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani. Dafroza alikaa kwenye kiti cha mzee, akaweka ubao magotini. Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Wameniandikia nigeuze," alisema Dafroza baadaye. "Kila baada ya saa mbili. Nisipojaza wananiondoa kwenye nyumba hii, wananipeleka kwingine."

"Hutaondoka?"

"Nikijaza, siondoki."

Bi Nyamizi alifikiri. Kisha akavua kandambili, akazipanga kando ya kitanda. Akalala chali mahali palepale, kwenye bonde lililochimbwa na mzee kwenye godoro, ambalo lilimzidi urefu na upana. Akatazama dari. Hakuwahi kuiona kutoka pale. Ilikuwa na alama ya maji iliyofanana na kitu fulani, hakujua nini.

Dafroza aliweka ubao chini. Alipitisha mikono chini ya mabega yake, taratibu kwenye lile lililovunjika, akamgeuza ubavu wa kulia. Akachukua mto, akauweka kati ya magoti. Hakuna aliyemshika Bi Nyamizi namna hiyo tangu alipovunjika bega akiwa msichana.

"Umekuwa mwepesi, mtani," alisema Dafroza. Akasoma kwenye ubao, kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa, "Mhudumiwa anajisikiaje?"

"Tega," alisema Bi Nyamizi.

Dafroza alikaa na kalamu mkononi. Alikuwa na deni la kitendawili kimoja tangu siku ile ya honi.

"Nimefika," alisema, "na niliyemfuata hayupo."

Jibu lilikuwa jepesi, mtoto wa darasa la kwanza angelijua. Bi Nyamizi alitazama ukuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alishindwa.

"Nakupa mji," alisema.

"Mji gani, mama?"

"Chukua makao makuu. Na wizara zake zote."

Dafroza alitikisa kichwa. "Siutaki huo. Nipe mwingine."

Bi Nyamizi akampa kituo kidogo cha treni, ambacho mzee alikuwa amempa mwaka waliooana. Dafroza akakipokea, akakitembelea, akasimulia alivyokaribishwa na alichopikiwa, mboga gani na maziwa ya nani, akaenda taratibu, hana haraka ya kufika kwenye jibu. Ilipotimia saa ya pili aliandika kwenye ubao, akasimama, akamgeuza upande wa kushoto.